Nilisikia "Washa"

Jumatatu, 3 Machi

Magari yangu uani, wote watano, wamewaka leo. Wote! Pikapu pekee kanisumbua – betri imechoka. Nikaazima ya Nesi, lile jeupe, nikawasha, nikairudisha. Kisha Kobe, yule wa kijani asiye na mlango wa nyuma. Kisha Mjane, steshenwagon niliyouziwa na mke wa marehemu, mikwaruzo kila upande lakini injini ya kiungwana. Mchumba wa mwisho, kama kawaida yake – mdogo, mwekundu, mwenye maringo. Dakika kumi kila mmoja. Gari ni kama mzee: asipoamshwa kila siku, iko siku hataamka.

Mjane alikuwa akigonga valvu tangu mwaka juzi. Sasa kimya. Sikumfanyia kitu ila kumbadilishia oili. Injini nyingine hujitibu zenyewe ukiziachia nafasi.

Mwalimu wa jirani kaja ukutani tena. Ati nakanyaga mafuta mno, vyombo vyake vinatetemeka kabatini. Nikamwambia kabati lake ndilo bovu. Akaongeza neno chini chini – ndiyo tabia yake, kuongea kama aliyejaza tonge mdomoni. Miaka thelathini kasimama darasani, na kufungua mdomo hajui! Nawahurumia waliokuwa wanafunzi wake.

Jumatano, 5 Machi

Humu ndani siku hizi ni minong'ono tu. Nimeingia jikoni, mke wangu yuko na mdogo wake, shemeji seremala. Midomo inakwenda. Nilipovuka kizingiti ikasimama. Niliambulia "gari" na "auze". Basi. Nimeelewa. Wanataka kunipelekea magari kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Magari haya yote yalitupwa. Kila moja nililikuta limekaa juu ya mawe au kwenye majani, mwenyewe akiomba mtu amwondolee aibu. Na mimi nilitupwa. Miaka thelathini na mmoja kwenye karakana ya shirika, halafu saa ya ukutani na mkono wa meneja asiyejua jina langu. Huyo meneja hakujua kuwa aliyemtangulia alikuwa akinisimamisha mbele ya wageni nimefumba macho. Gari linaingia getini, nami nautaja ugonjwa kabla dereva hajazima. Fundi Masikio, ndivyo walivyoniita. Sikukosea hata mara moja.

Mke wangu anawaita mikweche. Mkweche ndio uliomfikisha hospitali kumzaa kitinda mimba wetu, ambulensi ikiwa imezimika njiani.

Binti yetu kapiga simu. Spika ya simu hii imekufa. Nikampa mama yake waongee.

Jumamosi, 8 Machi

Nesi kapasuka bomba la rejeta. Nimelifunga kwa mpira wa tyubu, limeshika.

Mke wangu anadai nilimwacha Mchumba akiunguruma tangu asubuhi hadi tulipomaliza kula mchana, mpaka mafuta yakaisha. Si kweli. Nilizima. Mafuta yameisha, sikatai, lakini hilo ni tangi linavuja. Nimelala chini nikalitazama saa nzima. Sijaona tone. Litakuwa linavuja kwa siri.

Jumapili, 16 Machi

Jana. Nijaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Shemeji alikuja asubuhi kuazima Pikapu apeleke madawati shuleni. Kazi yake ya kwanza ya maana tangu afungue karakana yake mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Nikawasha. Akakunja uso, akasema mkanda wa feni unalia kama paka. Nikamwambia haulii. Akasema unalia, shemeji, mpaka meno yananiuma. Nikazima kwa hasira – nani fundi hapa? Boneti ilikuwa juu. Akaenda mbele akainama kuutazama mkanda. Mimi niko kwenye usukani. Simwoni. Naona bati la bluu tu.

Nilisikia akisema "washa".

Niliwasha.

Sikusikia kingine. Injini ilishika vizuri, nikaiacha, nikijisemea moyoni: umeona, haulii. Kisha mke wangu akatoka jikoni anakimbia, peku, mdomo wazi wote. Nilijua kutoka kwenye uso wake. Nikazima.

Kidole cha shahada na cha kati. Mkono wa kulia. Daktari wa zamu alisema hakuna cha kuunganisha.

Alisema "washa". Nitaapa mbele ya yeyote.

Jumanne, 18 Machi

Shemeji kamwambia dada yake kuwa alisema "usiwashe". Tena mara mbili. Mke wangu kanifikishia habari hii mezani, akanitazama, kisha akabeba sahani yake akaenda kulia chumba kingine.

Silabi mbili. U na si, na e ya mwisho iliyofanana na a. Mtu aliyeinama, kichwa kiko ndani ya injini, anaweza kuzimeza bila kujua. Na nani aliyemwambia atie mkono? Nilimfundisha mwenyewe, mwaka ule alipotaka kujifunza udereva: usiguse mkanda kabla ufunguo haujaingia mfukoni mwako. Hakushika. Seremala kazoea mbao. Mbao hazigeuki.

Wageni wamekuja kumpa pole dada mtu. Kwangu hakuna aliyekuja. Nilikaa ndani ya Mjane, vioo nimepandisha, mpaka wakaondoka.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu kanisimamisha barabarani. Safari hii alifungua mdomo. Alinisogelea, akanikazia macho, neno moja moja, kama anaandika ubaoni. Asubuhi ile ya ajali yeye alikuwa kitandani, dirisha limefungwa, ana homa.

"Nilimsikia," akasema. "Usiwashe. Usiwashe. Halafu nikasikia gari linawaka."

Dirisha limefungwa. Upande wa pili wa ukuta. Na ana homa!

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba jirani yetu ni mwongo. Akanishika mabega, akanigeuza nitazame ukuta, akarudi nyuma. Nikasimama. Pale juu ya swichi pana ufa, nikaufuata kwa macho mpaka darini na kurudi. Nikachoka. Nilipogeuka alikuwa analia. Kasema ameniita mara nne. Mara ya mwisho kwa jina alilokuwa akiniita mwaka tuliooana, ambalo hajalitamka tangu tuanze kupata watoto.

Nikamuuliza tangu lini.

"Mwaka wa pili huu," akasema, amenisogelea sana.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba watoto. Jikoni, mezani, kitandani. Ukasema watu wananong'ona."

Kumbe siku ile jikoni na mdogo wake walikuwa wakipanga ni nani atanishawishi niende kwa daktari wa masikio. Shemeji alijitolea. Alisema mimi na yeye tunaelewana. Habari ya kuuza gari hakuna aliyeitaja. Neno lile nililitia mwenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Chumba cha kupimia ni kidogo kama kabati, kuta zina sponji. Wanakuvisha vipokea sauti masikioni, wanakupa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Kwa muda mrefu hapakuwa na mlio wowote, nikaona mashine yao mbovu. Kisha nikagundua nikitazama bega la daktari kupitia kioo, linasogea kidogo kila anapobonyeza upande wake. Nikawa nabonyeza na bega. Akasimama, akageuza kiti akanipa mgongo, akaanza upya. Binti wa umri wa binti yangu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

Kanionyesha karatasi. Mstari unaanza vizuri, unakwenda kidogo, halafu unaporomoka kama lori lisilo na breki mteremkoni. Kaniandikia kwenye karatasi nyingine: sauti nyembamba ndizo zinatoroka kwanza. Herufi kama s. Akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kujibiwa kabla hajauliza. Nyundo, injini, bati, miaka yote ile, masikio wazi. Hakuna aliyetupatia hata pamba ya masikio. Kwa hiyo kazi iliyonipa jina ndiyo iliyonila, polepole, huku ikinipigia makofi mbele ya wageni.

Nimepewa vidude viwili vya kuvaa masikioni.

Jumamosi, 29 Machi

Nimevivaa. Kila kitu kina makali. Maji yanachoma, karatasi inapasuka, sahani ni vita. Mke wangu anavuta pumzi kwa shida anapoinama. Tangu lini? Sikuthubutu kumuuliza tangu lini.

Nikaenda uani kuwaamsha.

Mjane anagonga. Valvu hazikupona, na chini yake kuna mlio mwingine mnene, wa beringi za krenki. Nimemwendesha hivyo miaka miwili, amejitafuna ndani. Nesi anavuja pumzi kwenye gasketi. Kobe ekzosi imetoboka, anapiga kelele ya kuwaamsha wafu – na mimi nilimtukana Mwalimu kwa ajili ya kabati! Mchumba ana mluzi nisioujua unatoka wapi. Pikapu nilimwacha wa mwisho.

Mkanda unalia. Kama paka. Vile vile alivyosema.

Nilizima. Nikarudi ndani nikafungua daftari hili kurasa za nyuma. "Kimya." "Laini." "Amepona." Ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko mzuri, nawaandikia wagonjwa vyeti vya afya. Na pale tarehe kumi na sita: nitaapa mbele ya yeyote.

Nimevivua vidude. Viko ndani ya kikopo chao.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji, karakanani kwake. Sikuvaa vidude. Nilijiambia vumbi la mbao litaviharibu. Madawati yaliyobaki kapewa seremala mwingine amalizie. Yeye alikuwa anajaribu kupiga randa kwa mkono wa kushoto, ubao kaubana kwa nyonga. Randa inaruka, inaacha makovu. Shemeji alikuwa fundi wa droo za kuunganishwa bila msumari. Nilisimama mlangoni nikamtazama akiuharibu ubao mzuri.

Nilikwenda kusema neno moja. Nimelifanyia mazoezi njia nzima. Lililonitoka ni hili: "Mkono wa kushoto nao ni mkono."

Alisimamisha randa, akanitazama. Huenda alijibu. Mimi nilikuwa nimeshageuka, natazama mbao zake, nazisifu.

Jumapili, 6 Aprili

Yuko hapa. Shemeji. Naandika naye yuko nje, niwahi.

Nilikuwa chini ya Mchumba, masikio matupu. Mke wangu akanigusa mguu. Nilipoingia ndani nikamwona amekaa sebuleni, bandeji imeondolewa. Mkono wake umewekwa juu ya goti, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikie. Nikakaa mbele yake. Vidude viko chumbani. Ningeweza kunyanyuka nikavifuata. Sikunyanyuka.

Akaanza kuongea. Aliongea sana. Nilijaribu kusoma midomo, lakini alikuwa ameinamisha uso, anaongea na ule mkono. Mara moja alicheka kidogo. Mara moja mke wangu alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nami nikawa nakunja uso inapofaa na kuulegeza inapofaa, kama nilivyofanya miaka miwili hii bila kujua, ila leo najua. Kisha akainua kichwa akanitazama. Mke wangu naye akanitazama. Lilikuwa swali, hilo halikuhitaji masikio.

Ilinipasa kusema: sikusikia, rudia. Maneno mawili tu. Lakini nitamwambiaje arudie? Huyu, kati ya watu wote?

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Taratibu, kwa uzito, kama mtu aliyefikiri.

Akafumba macho. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akanyoosha mkono – ule ule – nikaupokea. Una joto. Pale palipokuwa na vidole ngozi ni laini kama ya mtoto. Mke wangu akasema kitu kifupi akaonyesha huku chumbani, nikanyanyuka haraka, kama mtu anayekwenda kuleta alichoahidi.

Sasa nimekaa kitandani. Sijui nimeahidi nini. Mezani kuna funguo tano kwenye waya mmoja. Kuna kadi za magari. Kuna kikopo cha vidude. Dirishani namwona shemeji katoka uani, kasimama mbele ya Pikapu. Kaweka kiganja cha kushoto juu ya boneti. Haondoi.

Mke wangu kafika mlangoni. Midomo imecheza, mara moja, kidogo. Kanyoosha mkono, kiganja juu, anangoja nimwekee kitu. Bado naandika, nionekane nina shughuli.