Nilichokiziba Bafuni kwa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, salamu nyingi, naomba unisaidie na unisome mpaka mwisho, maana swali langu kwa juujuu ni dogo, kwamba hita ya maji moto iliyozeeka itengenezwe au ing'olewe iwekwe mpya, na mtu akijua mimi ni fundi bomba atashangaa namwuliza mshauri wa mambo ya nyumba kazi ninayoifanya kila siku, lakini chini ya swali hilo kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Hita yenyewe ni ya mama mkwe wangu, ni ya umeme, ina tangi jeupe lililofungwa juu ya mlango wa bafu lake, ina miaka kumi na saba na mimi ndiye ninayeitibu, nimeibadilisha koili mara mbili, na mama mkwe akiwa na wageni huwaambia kwamba mkwe wake ni daktari wa mabomba, mpaka jina la Daktari limenikaa mtaa mzima, na nikisema ukweli nalipenda. Miezi mitatu iliyopita akanipigia kwamba hita inadondosha maji na ile sauti inamkera. Nikaenda, nikakuta inayodondosha ni valvu ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi, na fundi yeyote anajua valvu hiyo ikidondosha kuna tatizo mahali, ilitakiwa nizime umeme, nimwage maji yote, nifungue, nichunguze, kazi ya nusu siku. Sasa mshauri, lile ni bafu la mama mkwe. Nguo zake za ndani zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba usawa wa pua yangu, mimi niko juu ya stuli nimegeuzia uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, jasho linanitoka, na sebuleni namsikia anawaambia jirani zake wawili kwamba huyo hachukui dakika kumi. Basi sikuchukua dakika kumi. Nilitoa kizibo cha chuma mkobani nikakikaza kwenye mdomo wa valvu, matone yakakoma, nikashuka, wakanipigia makofi, nikanywa chai.

Nilijiambia nitarudi kesho yake na valvu mpya. Kesho yake nikapata kazi mbali, keshokutwa nikaona haya, na kufika wiki ya tatu nilikuwa nimejisahaulisha.

Mwezi huu mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike, akaenda kukaa kwa mama yake mpaka apate nguvu, na mtoto anaogeshwa humo humo bafuni asubuhi na jioni. Jumapili nilipokwenda kuwaona, mama mkwe akalalamika kwamba maji yanatoka na rangi ya kutu na hita siku hizi inanguruma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema hiyo imekwisha, yeye atanunua mpya na ana fundi wake wa kuifunga. Hapo ndipo nilipofanya jambo linalonitesa. Nilisema hapana. Nilisema mbele yao wote kwamba hita za zamani ndizo hita, za siku hizi ni makopo, hii nikiigusa kidogo tu itadumu mpaka mtoto wetu aolewe, kumbe ninachoogopa ni fundi wake kupanda pale, akione kile kizibo, aulize ni nani aliyekiweka. Shemeji akacheka, akasema, "Daktari hataki mgonjwa wake ahamishiwe hospitali nyingine." Mama mkwe akanitetea, akasema Daktari akisema inatengenezeka basi inatengenezeka, na hita mpya akaikataa.

Tangu siku hiyo nawapigia simu mara tatu kwa siku, hamjambo, mtoto amelala, na swichi ya bafuni mmezima, nimewaambia wawashe dakika kumi tu, nimesingizia gharama za umeme. Mke wangu anadhani nimepata mapenzi mapya, jana alicheka akaniambia, "Tangu nizae ndiyo umenikumbuka." Nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo yangu ya vifaa nikalia. Naogopa, mshauri. Nikienda kukifungua mwenyewe, Mama ataniuliza si ulisema imepona, na nikikaa kimya, kila simu ikiita moyo unaniruka. Ninachoomba ni unionyeshe namna ya kuitengeneza bila mtu kujua, au namna ya kukubali mpya bila kuaibika. Namba yangu iko hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Daktari wa Mabomba

*

Daktari,

Swali lako dogo nalijibu kwanza: ing'olewe. Mimi mabomba siyajui, lakini nilimtafuta fundi anayehudumia jengo letu, mzee wa maneno machache, nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye kizibo aliweka spana chini. Alisema hita iliyoliwa na kutu ndani haina tiba, na iliyozibwa valvu ni mbaya zaidi, kwa sababu siku ile thamostati ikigoma kukata umeme, presha haitakuwa na pa kutokea na tangi litapasuka. Kisha akaniuliza kama kuna watu wanaishi kwenye hiyo nyumba. Nilipomwambia kuna mtoto mchanga, alinionyesha simu yangu kwa kidole.

Habari ya kamba ya nguo nimeicheka, sikufichi, na haya zako nazielewa. Lakini mdomo ulikuwa nao. Ungesema, Mama, kazi hii ni ya nusu siku, naomba mnipishe bafu. Kosa hilo la dakika kumi, wewe ni binadamu, nalisamehe. La Jumapili silisamehe. Msaada ulikujia wenyewe mpaka sebuleni, ukiletwa na shemeji yako, nawe ukaufukuza ili uendelee kuitwa Daktari. Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua, ila wao walimzungumzia mgonjwa anayeficha ugonjwa wake mwenyewe. Wewe unaficha wa kwako ndani ya nyumba ya watu, na anayeogeshwa chini yake ni mwanao. Na hizo dakika kumi unazozitegemea, bibi mwenye mjukuu mikononi atazihesabu vipi? Mgeni akibisha hodi, swichi itasahauliwa.

Barua yako haikuwa ya kusubiri gazeti la Jumamosi, kwa hiyo nilikupigia Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nilikwambia uwapigie papo hapo wazime. Ukaniambia unamalizia kazi ya mteja, kesho utapita mwenyewe, utatafuta namna nzuri ya kuwaeleza. Nikakuuliza mtoto huogeshwa saa ngapi.

"Saa hizi," ukasema, na simu ikakatika.

Nusu saa hiyo niliyosubiri nilishindwa kuandika hata mstari mmoja. Uliponipigia tena ulinieleza kwamba ulimpigia mama mkwe wako, na umeniruhusu niyaandike yafuatayo. Alimtoa mtoto bafuni na sabuni yake mwilini, akazima swichi, kisha akarudi kwenye simu akakusikiliza mpaka mwisho. Hakukutukana. Alisema tu, "Kwa hiyo kila ulipokuwa unauliza swichi, ulikuwa unajua." Hukumjibu, akakata.

Sasa nisikilize. Hita isiwashwe tena hata dakika moja, na asiiguse mtu mpaka ipoe kabisa. Maji ya mtoto yachemshwe jikoni, aogeshwe chumbani kwenye beseni. Leo hii mpigie shemeji yako umwambie alikuwa sahihi, anunue hita mpya, na fundi wake ndiye aifunge, pamoja na valvu mpya ambayo mdomo wake utaachwa wazi. Usiifunge wewe, hata kama unamshinda huyo fundi kwa kazi. Wewe shika ngazi, na tangi kuukuu libebe wewe mpaka nje. Kabla fundi hajauliza ni nani aliyeziba, sema ni mimi. Mkeo mwambie ana kwa ana, usimwachie mama yake amweleze, na uwe tayari akikuuliza kuhusu yale mapenzi ya simu. Kama kuna bafu lingine lolote ulikokaza kizibo namna hiyo, lirudie wiki hii.

Mbele ya mama mkwe, usianze habari za nguo kwenye kamba, wala kwamba ulikusudia kurudi kesho yake. Swali lake la kwenye simu hukulijibu, na atakuuliza tena, pengine mbele ya shemeji yako na wale jirani waliokupigia makofi. Akiuliza, mwambie, "Ndiyo, Mama, nilijua." Kisha nyamaza, umwache aseme yote aliyo nayo.