Kidani cha Bi Mwanaisha

Mkunazini, Jumamosi, 1956

Mvua tangu alfajiri. Laiti ingenyesha hivi juzi, ikawarudisha kina mama wote makwao kabla hawajakaa kitako uani kwangu.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Nianze na wifi yangu Salma, maana huyo nimemzoea.

Mwaka jana aliazima kwangu vipuli vya dhahabu aendee harusi ya Ng'ambo. Akakaa navyo mbele za watu akisema kanunuliwa na mumewe. Habari nilizipata siku ile ile. Vipuli alivirudisha, hilo simsingizii, lakini kinyongo kilibaki kwangu. Mume wangu sikumwambia kitu. Salma ni dada yake wa pekee, na machoni pake hakosei.

Basi nilipokwenda kukodi kikundi cha taarab kwa harusi ya binti yangu Raya, nilikwenda na ubeti nilioutunga mwenyewe, wa mwanamke anayeng'ara kwa dhahabu ya watu. Nilimpa Bi Tatu, mwimbaji wao, niliyesoma naye Kurani chuoni tukiwa wadogo. Hakuuliza wa nani. Waimbaji hawaulizi jina na wimbo hautaji jina. Mwenyewe akiwapo atajijua. Aliuliza neno moja tu.

"Atakuwapo?"

"Atakuwapo, tena mbele."

Usiku ule nililala usingizi mtamu. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye.

Alhamisi baada ya Alasiri ua ulijaa hadi ngazini. Bi Tatu akaufikia ubeti wangu, akaurudia mara ya pili kwa madaha, nami nikamkodolea macho Salma nimwone anavyosawijika. Salma! Aliinuka anacheka, mabega yanacheza, noti juu, akaenda kumtunza mwimbaji. Ama hana haya, ama hana kumbukumbu.

Aliyeumia alikuwa amekaa upande wa pili. Bi Mwanaisha wa Kiembe Samaki, mama wa bwana harusi. Alinijia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama, akakifungua kidani shingoni mwake, akakivingirisha katika leso.

"Cha kuazima hichi, mkwe," aliniambia polepole. "Nlikiazima kwa jirani nsimtie aibu mwanao. Nani kakwambia?"

Akavaa buibui lake akatoka, watu wake nyuma yake, na biriani bado haijapakuliwa.

Sikujua. Wallahi sikujua.

Leo asubuhi Salma kaja, kalowa chapachapa, kunipongeza.

"Wifi, hukumwacha! Kiembe Samaki nzima wanausema ule ubeti."

Nilitamani kumrushia kikombe. Nikammiminia chai, naye akaomba sukari zaidi. Anadhani nilimkusudia Bi Mwanaisha, na ameniheshimu kwa hilo kuliko siku zote tulizojuana. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

Raya yuko ghorofani na mumewe, wamo ndani ya fungate. Hakuna aliyemwambia. Namsikia akicheka huko juu, na kila akicheka naacha kuandika. Zikitimia siku saba atahamia kwa mkwe wake, nyumba moja, jiko moja. Atapakuliwa chakula na mwanamke niliyemuumbua mbele ya watu, mwanamke aliyekwenda kubisha hodi kwa jirani na kuomba kidani kwa ajili ya kumpa heshima mwanangu.

Zimebaki siku nne.

Nimefikiria kumtuma mtu. Nimefikiria kupeleka halua na kunyamaza. Nimefikiria hata kumsingizia Bi Tatu, niseme ule ubeti aliutunga yeye, naye maskini alichofanya ni kuimba alichopewa. Uoga mtupu. Kumchoma mtu kwa mdomo wa mwenzangu nilikuwa hodari sana, sasa mdomo wangu mwenyewe unaniwia mzito.

Kesho nitakwenda Kiembe Samaki, mvua inyeshe isinyeshe. Nitamwambia Bi Mwanaisha kwamba ubeti haukuwa wake. Ataniuliza ulikuwa wa nani, na ana haki ya kuuliza.

Nitamtaja Salma, kwa jina. Kisha nitarudi nyumbani, nivue buibui, nikae nimngoje kaka yake.