Krimu Uliyoiacha Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Goti lako linaendeleaje? Baba naye shikamoo, kikohozi kimepungua? Bibi nampa shikamoo mbili, moja ya sikio linalosikia na moja ya lile linalojifanya halisikii. Kaka fundi cherehani mwambie suruali aliyomshonea mume wangu inambana, au ndiyo mtindo? Kitinda mimba wetu asome, asije akaandika kama mimi. Sisi tu wazima, ila kuna jambo.

Mjukuu wako, huyo unayemwita mume wako, aliota vipele. Ulipoondoka ngozi yake ilikuwa kavu tu, lakini baadaye mashavu yakawa mekundu, shingoni pakachubuka, akawa analia huku akijisugua uso kifuani kwangu. Baba yake akasema ni sabuni, tukabadilisha, wapi! Akasema basi ni maji ya bomba letu. Mama, mwanamume anashinda akichomelea mageti, akirudi anabeba ndoo kutoka mtaa wa tatu! Nami kimya kama maji mtungini.

Juzi nikaenda kliniki. Nesi akataka nitoe kila ninachompaka mtoto. Nikatoa sabuni. Akauliza kama hakuna kingine, nikasema hakuna. Akamnusa utosini, akasema basi huyu kazaliwa na manukato yake. Akina mama kwenye benchi wakaangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze. Akanieleza taratibu kwamba ngozi ya mtoto mchanga ni laini mno, na manukato ya kwenye krimu yanaweza kuiwasha, hata kopo likiandikwa ni ya asili. Nimpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, akitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Vipele vikizidi au vikitoa maji, nimrudishe haraka.

Mama, nisamehe. Ni krimu yako, ile uliyoiacha dirishani. Uliniambia ni ya mikono ya mtu mzima, nisimguse nayo mtoto, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Kila asubuhi nilimpaka, kwa sababu nikimbeba na kufumba macho, harufu ile ilikuwa kama umerudi chumbani. Hata vipele vilipotoka sikuacha, nilipunguza tu. Nilitaka kukunusa wewe, mwanangu ndiye akaumia.

Jana nilimwambia baba yake. Aliitua ndoo, akakaa juu ya kizingiti, akaniuliza kwa nini sikusema kwamba nimekukumbuka kiasi hicho.

Kopo nimelitupa. Mashavu ya mtoto yanapoa, sasa ananukia maziwa tu. Ni vizuri, najua ni vizuri, lakini chumba kimekuwa kikubwa.

Nisalimie wote nyumbani. Usimwachie mtu akuandikie, andika mwenyewe hata mistari miwili, uniambie kama umekasirika na lini utakuja. Jibu upesi, Mama. Hata kama ni kunigombeza, nigombeze upesi.

Mimi mwanao,
kifungua mimba wako.