Nyota Tano Ulizoipa Lulu

Kibaoni, Mpimbwe,
Mkoa wa Katavi.
19 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Yotham,

Habari za huko Dar es Salaam? Natumaini u mzima, na kitambi chako nacho kizima, maana kwenye ile picha uliyomtumia mama yako mkubwa Ng'washi kilikuwa kimekutangulia kufika. Emelyne mkeo hajambo? Watoto je, wanakula? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua, lakini mdomo hauna tatizo lolote, utaona mwenyewe.

Barua hii nampa Makarius, dereva wa lori la mchele, akuwekee mkononi. Ningepiga simu, ila yangu hupokei tangu mwezi uliopita. Nikaazima ya jirani, uliposikia sauti yangu ukasema mtandao mbovu, ukakata. Nimeitwa majina mengi hapa duniani, lakini mtandao mbovu ndiyo mara ya kwanza.

Mvua haijanyesha, ila mawingu yanajikusanya upande wa ziwani na watu wameshatoa plau zao nje kuzinoa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Kaka yako Masele hana tena maksai wawili wa kuvuta plau. Amebaki na yule mwekundu peke yake, ambaye tungemwazimia mwenzake tukalima. Mwenzake alipelekwa mnadani, hela yake ikaliwa na Bao Nene, wale wa kubeti mpira kwenye simu. Nilimsema mpaka nikakaukiwa mate. Akaapa mbele ya mkewe Lucia kwamba na Bao Nene basi. Tukafurahi, tukachinja na jogoo. Kumbe kiapo amekishika vizuri kabisa: Bao Nene ameachana nao, amehamia Lulu, ile kasino yenye kindege kinachopaa kwenye simu, ukichelewa kubonyeza kinaondoka na chako.

Nikamuuliza kwa upole, na upole wangu unaujua, nani kamwelekeza huko. Akanifungulia simu yake ya kupangusa. Nikakuona wewe, Yotham, kwenye ukurasa wa mtandaoni, meno yote nje. Huku tunawaambia watu unafanya mambo ya kompyuta ofisini. Kumbe kazi yenyewe ni kuzipanga kampuni za kamari mbili mbili na kuzigawia nyota. Bao Nene umewapa tatu, ukaandika wanachelewesha malipo. Lulu umewapa tano, ukaandika wanamjali mteja.

Masele akafanya kama tunavyofanya wote hapa sokoni. Unajua mnunuzi wa mpunga akikuchezea mzani hubishani naye. Unapakia gunia lako kwenye mkokoteni, unavuka barabara kwenda kwa mpinzani wake, naye anakupokea kama mkwe na kukupimia vizuri ili amkomoe mwenzake. Basi kaka yako naye akavuka barabara. Kila alipocheza Lulu alijiona anawakomoa Bao Nene.

Mimi sikutulia. Lucia akanitafutia namba za kupeleka malalamiko. Nikaanza na Bao Nene. Akapokea binti mwenye sauti laini, nikamlalamikia maksai wetu kuanzia pembe hadi mkia. Halafu nikapiga Lulu, nia yangu niwasifu kidogo na kuwasema wenzao, nione watajibu nini. Sauti ni ile ile. Nikamwambia, mama, wewe si tumeongea sasa hivi ukiwa Bao Nene? Akajikohoza. Nikamtania kwamba mzee mwenye ng'ombe hasahau sauti ya mchumba, hata kama meno yamebaki ya kuhesabu. Akashindwa kujizuia, akacheka, akasema, "Babu, tajiri ni mmoja. Sisi tunabadilisha jina tu wakati wa kupokea."

Tajiri mmoja, Yotham. Huko barabarani alikovuka kaka yako hakuna upande wa pili.

Nikasema labda mtoto wetu naye hakujua. Lucia akakupigia, ndiyo mara yako ya mwisho kupokea simu yetu. Nilikuwa nimekaa pembeni, spika ameiwasha, mate yangu nimeyameza ili usinisikie. Alikuuliza kama ulijua. Hata hukushtuka. Ulimwambia, "Shemeji, mimi nalipwa kwa kila anayejiunga. Hiyo ni biashara tu."

Usiniambie mimi biashara. Mama wa nyanya hapa Kibaoni akificha mbovu chini ya fungu anatukanwa mbele ya wateja wake, naye hana viatu vya kuchongoka kama vyako. Na yeye angalau anaficha. Wewe umechukua nyanya ile ile mbovu, ukaigawa mafungu mawili, ukamwambia ndugu yako ale la kulia, maana lina nyota.

Nilimweleza Masele yote. Lucia naye akamweleza. Akasema tumekula njama. Kisha akaniambia, na neno hili bado linaniuma, "Baba, wewe uliishia darasa la nne. Yotham yuko Dar, ni ndugu yangu. Kungekuwa na kitu angeniambia."

Umesikia? Anakuamini wewe kuliko baba aliyemzaa. Jumamosi anampeleka yule maksai mwekundu mnadani ili akacheze Lulu. Akimuuza, Lucia atalima majaruba yale ya mpunga kwa jembe la mkono, mtoto mgongoni, na mwakani watakuja kula kwangu, nami meza yangu unaijua ilivyo.

Sasa ninachotaka ni hiki. Mpigie Masele kabla ya Jumamosi. Usimtumie meseji, mpigie asikie koo lako. Mwambie Bao Nene na Lulu ni tajiri mmoja, mwambie ulijua, mwambie ulimdanganya. Usitie "lakini" hapo katikati, nyie wasomi mna "lakini" nyingi. Halafu ukazifute hizo nyota.

Usipopiga, sikulazimishi, wewe ni mtu mzima. Ila unakumbuka kuna ng'ombe wako ninaokuchungia tangu baba yako, mdogo wangu, afariki. Wamenenepa, wawili wana mimba. Jumamosi Masele akitoka na maksai wake, mimi nitatoka nyuma yake na ng'ombe wako wote. Sitakula hata shilingi, naapa. Lucia atanifungulia akaunti Lulu kwa jina lako, tutaingiza hela yote humo, nami nitakaa kwenye kigoda nibonyeze kindege bila miwani. Wewe mwenyewe umeandika wanamjali mteja, kwa hiyo sioni cha kukutia wasiwasi.

Msalimie sana Emelyne, yeye sina ugomvi naye. Wabusu wajukuu zangu. Mama yako mkubwa Ng'washi anakusalimu na anaomba dawa ya kuchua goti langu, anasema usiku namsumbua kwa kulalamika. Haidari wa dukani, mliyesoma naye, naye anakusalimu. Mungu akulinde na magari ya huko, akupe riziki ambayo unaweza kuitaja mbele ya watu.

Mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda huku nimekunja ngumi,

Mwandu