Gobori la Oom Faan

Troyeville, Jumapili, 10 Julai 2011

Leo kuna jua kali lisilo na joto lolote. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, nimejifunga blanketi, kompyuta nimeipakata mapajani. Ndani, cherehani ya dada yangu inanguruma tangu asubuhi. Tangu jana jioni hatujasemezana zaidi ya salamu.

Jana nilipiga bunduki.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Sasa nimeiacha. Na kwa kuwa hapa huwa sijifichi, niongeze na ile ya pili, ambayo ndiyo inayoninyima raha: nilifurahia.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni Zaituni, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Johannesburg. Ninaishi na dada yangu Mwajuma, fundi wa nguo. Siku sita za wiki ninakwenda Turffontein kumhudumia mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Kwetu tungemwita Kaburu, na mwezi wangu wa kwanza kazini ndivyo nilivyomwita kimoyomoyo. Jina lake ni Faan. Watu wote wanamwita Oom, yaani mjomba, nami nikafuata. Macho yake yamefifia na mikono yake inatetemeka kiasi kwamba kikombe kikijaa hakimfikii mdomoni. Kwa hiyo mimi ndiye mikono yake. Namfunga vifungo, namkata kucha, namsomea gazeti.

Kwenye gazeti alikuwa anataka kitu kimoja tu. Alipokuwa kijana alikuwa na gobori, ile bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu. Gobori dogo, la kuwindia sungura, alilorithi kwa baba yake, akaliuza alipooa. Mwaka mzima amenituma nimsomee matangazo ya vitu vilivyotumika, apate jingine kama hilo. Nikimsomea la kwanza anatikisa kichwa: kubwa mno. La pili: hilo ni la nyati. Mimi nilikuwa nasoma tu, kama mtu anavyomsomea mgonjwa. Sikuwahi kufikiri kwamba lingepatikana.

Tena siyapendi mambo ya bunduki. Kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, alipigwa risasi mtaani kwetu wakati wa vita. Alitoka kununua mkate. Nilikuwa mlangoni, na ule mlio niliusikia kabla sijajua umempata nani. Mpaka leo gari likipasua tairi ninachuchumaa, hata katikati ya barabara, watu wakinishangaa.

Sasa cha ajabu ni kwamba gobori hilo nililiona mimi.

Ilikuwa mwezi uliopita. Niliingia kwenye duka la vitu vikuukuu karibu na kwa Oom kutafuta hita. Ili nifikie hita iliyokuwa nyuma ya kabati, nilisogeza fimbo ndefu iliyoegemezwa ukutani. Haikuwa fimbo. Ilikuwa na kitako cha mbao nyekundu, na tundu la mtutu wake lilikuwa dogo hata kidole changu cha mwisho kisingeingia. Nikalirudisha taratibu, nikatoka bila hita.

Siku nne nilinyamaza. Nilimwogesha Oom, nikampikia, nikamsomea matangazo, huku nikijua kitu chake kiko mtaa wa pili. Siku ya tano, nilipomaliza kusoma, alikunja gazeti mwenyewe, vibaya vibaya, akasema, "Labda hayatengenezwi tena, Zaituni. Labda yamekwisha." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayefunga dirisha.

Eish. Nikamwambia.

Tulikwenda kesho yake, yeye na mkongojo, mimi nimemshika kiwiko. Mama mwenye duka alilitoa na kulifuta vumbi kwa aproni yake. Oom hakulishangilia. Alichomoa mdeki, ile fimbo nyembamba ya kushindilia, akaniambia niutumbukize mtutuni mpaka ukome. Nikatumbukiza. Akaniambia nishike kwa kidole pale ulipotokezea kwenye mdomo wa mtutu, niutoe, niulaze juu ya mtutu kwa nje. Haukufika mwisho wa mtutu. Ulipungua kama upana wa vidole vinne.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ikawa vilevile.

"Lina risasi ndani," Oom akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kuna mtu alilishindilia miaka mingi iliyopita, akasahau. Au akafa."

Mama mwenye duka alijikuta barabarani. Oom akanieleza polepole kwamba bila fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachowekwa chini ya nyundo, gobori halilii, na fataki haikuwapo. Niliyasikia yote hayo. Lakini nilichokuwa nakiwaza ni kwamba nililisogeza kwa mkono wangu, mdomo wake ukiwa umeelekea tumboni kwangu, kwa sababu ya hita.

Alilinunua. Ana cheti chake cha silaha, na jamaa wa uwanja wa shabaha anaowajua tangu ujana walikuja kulichukua wakalitunze.

Basi jana Jumamosi tukakodi teksi mpaka huko, kusini mwa mji, ambako majani yote ni ya njano na milima ya mchanga wa migodi nayo ni ya njano. Nilijiambia nitakaa ndani ya teksi. Lakini nani angemshika Oom kiwiko? Nikateremka.

Msimamizi wa uwanja ni mtu mnene mwenye ndevu nyekundu. Kwanza alilitoa risasi lile gobori. Alifunga parafujo kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha ndani, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikatoka goroli ya risasi, ya kijivu, ndogo kama punje ya njegere, na nyuma yake baruti iliyoganda kama masizi ya sufuria. Akaiweka ile goroli kiganjani mwangu.

"Shika, Mama. Sasa haina kazi tena."

Nilidhani nitaitupa. Sikuitupa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea, halafu baridi.

Alilisafisha, akalichunguza mtambo na mtutu, akasema liko salama. Ikawa zamu ya Oom. Alimimina baruti kwenye kipimo, nusu ikamwagika mezani. Akajaribu tena, ikamwagika. Mara ya tatu aliweka kipimo chini, akaitazama mikono yake. Hakuniangalia. Hakuniomba.

Nikakichukua kipimo. Kazi yangu si ndiyo hiyo?

Alinielekeza, nikafanya. Baruti mtutuni. Juu yake kipande cha pamba kilichopakwa mafuta, ambacho nilikikata kwenye vitambaa vya Mwajuma bila kumwambia ni vya nini. Goroli juu ya pamba. Kisha mdeki, kusukuma taratibu mpaka inakaa juu ya baruti. Mikono yangu haikutetemeka. Inafanana na kazi ya jikoni, ukiacha kitakachotokea mwisho.

Oom alikaa kwenye kiti, akaegemeza gobori juu ya mfuko wa mchanga. Mdomo wa mtutu ukawa unachora miduara hewani. Msimamizi akasubiri, akasubiri tena, halafu akainama akamwambia neno kwa lugha yao. Sikulielewa, ila nilielewa. Oom akalilaza chini.

Nimemwona mzee huyu akilia siku ya kumbukumbu ya mkewe. Jana hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, inatetemeka.

"Piga wewe," akaniambia.

"Hapana, Oom."

"Halina teke. Mtoto wa miaka kumi analipiga."

"Siwezi. Kaka yangu alikufa kwa risasi. Nilikuwepo."

Nimefanya kazi kwake miaka mitatu na sikuwahi kumwambia. Yeye ananijua ninavyopika mayai, ananijua nikiwa na mafua kabla sijapiga chafya. Hilo hakulijua. Akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu, muda mrefu. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Litoe risasi. Tunarudi nyumbani."

Hakusema zaidi. Hakuniambia hofu inatibiwa hivi au vile, hakuniambia niwe jasiri. Mwaka mzima alikuwa analitafuta, lipo mbele yake limeshashindiliwa, na alikuwa tayari kuondoka kwa sababu yangu.

Nadhani ndiyo maana nilikaa kwenye kile kiti.

Msimamizi alinivalisha vizuia sauti masikioni, akaweka fataki, akaniweka bega vizuri. Nikalenga karatasi. Nikavuta pumzi. Nikavuta kifyatuo.

Haukuwa mlio ule.

Ilikuwa kama mtu kaufunga mlango kwa hasira nyumba ya tatu. Halafu moshi mweupe ukatanda, mwingi, wenye harufu ya yai viza, ukaficha kila kitu. Nikasubiri mwili wangu uchuchumae kama kawaida yake. Haukuchuchumaa. Moshi ulipoondoka, kwenye pembe ya chini ya karatasi palikuwa na kitobo kidogo, na Oom anacheka hadi anakohoa.

"Umempiga sungura mkiani!"

Nami nikacheka. Nikasema, tuongeze moja.

Nilipiga mara saba. Kila mara lazima usafishe, upime, ushindilie, utulie, huwezi kuharakisha. Ya tano iliingia karibu na katikati. Oom alikuwa anauliza, "Wapi? Wapi?" nami namwelezea, kulia kidogo, juu kidogo, na yeye ananirekebisha mkao kwa kunisikiliza tu. Nusu saa nzima sikumkumbuka kaka yangu hata mara moja.

Hapo ndipo kuna mwiba. Kumsahau mahali popote pengine ningejisamehe. Lakini nishike bunduki mkononi na nimsahau?

Jioni nilimwambia Mwajuma. Alikuwa anakata kitambaa cha mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkasi uko wazi mkononi. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulicheka?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukata. Baadaye akasema, "Usinisimulie tena habari hizo," na huo ndio ukawa mwisho wa maongezi yetu.

Nilipofika hapa katika kuandika, simu ikaita. Alikuwa Oom. Hajawahi kunipigia Jumapili, na kwa macho yake sijui alizibonyezaje namba. Nilidhani ameanguka.

"Sijaanguka," akasema. "Jana sikukuuliza jina la kaka yako. Nimelala vibaya."

Jina hilo sijalitamka kwa miaka. Mimi na Mwajuma tunasema "yule," au hatusemi kitu. Hatukuwahi kupatana hivyo, ilitokea tu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

"Ramadhani," nikasema.

Akajaribu. Akakosea. Nikalirudia kwa sauti, silabi moja moja: Ra-ma-dha-ni. Akajaribu tena, ulimi wake wa Kikaburu ukaigonga ile "dha" ikawa "da." Nikalirudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu masikio yake nayo si mazima. Mara ya nne alilisema sawasawa, akashukuru, akakata simu.

Hapo ndipo nilipogundua cherehani imenyamaza.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alishuka ngazi moja, akakaa, akavuta ncha ya blanketi langu akajifunika magoti.

"Alikuwa hawezi kunyamaza akila," akasema. "Unakumbuka? Mama alikuwa anamfokea."

Nakumbuka. Na yeye anakumbuka mengine ambayo mimi sikuyajua, kwa mfano kwamba mkate wa siku ile alitumwa na Mwajuma. Hajawahi kuniambia. Miaka yote hii nilidhani mwenye mlio kichwani ni mimi peke yangu.

Jumamosi ijayo Oom anataka twende tena. Sijui kama nitakwenda, na sijui kama nitamwomba Mwajuma tufuatane. Hilo litajijibu lenyewe katikati ya wiki.

Kwa sasa nafunga kompyuta. Dada yangu bado anaongea, nami sitaki linipite hata neno moja.