Kiroba Chini ya Kitanda

Jumatatu, 5 Februari

Nimechemsha chai, nimefunga mlango wa uani kabla ya kutia sukari. Siku hizi ndiyo kawaida yangu. Mama Zawadi wa nyumba ya pili kaja na kikombe chake. Nimemwambia yangu imekwisha tangu juzi. Karudi nacho kitupu.

Dukani foleni, kilo moja kwa mtu, wengine wanakosa. Wanashangaa nini? Kila mwaka ni hivi hivi. Mvua zikizidi viwanda vinasimama, sukari inapotea, na Ramadhani nayo hiyo inabisha hodi. Mimi nilinunua kiroba kizima mwezi wa kumi na moja. Mume wangu alicheka, akauliza kama nafungua duka. Akiba haiozi. Sasa nani anacheka?

Jumatano, 7 Februari

Mama mkwe kaingia na basi la Urambo. Amekuja kuonesha macho hospitali, Kitete. Mume wangu, Baba Nasra, yuko safarini na lori, kwa hiyo mgeni ni wangu peke yangu.

Nilikusudia nimtilie sukari kikombe chake jikoni, kimyakimya. Mama Zawadi akaja kumwamkia, akakaa mkekani, hana haraka. Ningefanyaje? Nimewapa wote chai bila sukari. Mama mkwe kaonja, kaniangalia. Nikasema imeadimika mji mzima. Nikaona haitoshi, nikaapa. Wallahi, ndani humu hamna hata punje.

Hakuna aliyeniapisha. Mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi, 8 Februari

Nimerudi sokoni nimemkuta mama mkwe barazani na bakuli mapajani. Lina sukari. Kapita nyumba kwa nyumba, na macho yake yale mabovu, anawaambia, "Mke wa mwanangu hana sukari, na ana haya ya kuomba."

Wamempa. Kila mtu kachota kidogo alichonacho. Mama Scola, mwimba kwaya wa Moraviani, hakuwa na sukari, katoa asali nusu chupa. Mama Zawadi katoa vijiko viwili kwenye karatasi, vya uji wa mwanawe. Mama Zawadi!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema ahsante. Ningesema nini?

Jumamosi, 10 Februari

Nimekunywa uji wa sukari yao. Njiani kila mtu ananiuliza, "Umepata, shoga?" Pole nyingi. Nimekuwa maskini wa mtaa, na nina kiroba.

Nilitaka kumwambia mama mkwe tukichambua mchele. Nikaanza, nikaishia kuzungumzia bei ya mafuta. Mwoga mimi.

Jumatatu, 12 Februari

Nilikwenda kumchukulia dawa. Narudi, nyumba inang'aa. Kafagia sebule, kafagia uani, kafagia na chumbani kwangu. Chini ya kitanda pia. Kanga niliyofunikia kiroba kaifua, kaianika kambani. Kiroba kiko palepale.

Nimempakulia ugali na mlenda, kala, kashukuru. Kaniita "mwanangu" kama kila siku. Afadhali angenitukana. Afadhali angempigia simu mwanawe. Nimekaa mbele yake jioni nzima, sikuweza kumtazama.

Alhamisi, 15 Februari

Leo nimekifungua. Nimepima nikapeleka kwa kila aliyetoa, na zaidi. Mama Zawadi nimempa kilo mbili. Nilijiapia nitasema kweli. Kwenye mlango wa kwanza tu nimesema Baba Nasra kaituma kwa dereva mwenzake kutoka Dar.

Mama Zawadi kaja na mwanawe kunishukuru. Kainua mikono, kaniombea dua ndefu. Mungu anizidishie, watu wenye roho kama yangu wamebaki wachache. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu. Akaitikia, "Amin."

Sijawahi kujichukia hivi.

Ijumaa, 16 Februari

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 17 Februari

Nimemsindikiza stendi. Nilimfungia sukari kwenye mkoba, hakuikataa. Basi lilichelewa, tukakaa kwenye benchi tukizungumza habari za tumbaku ya kwao Urambo, mwaka huu mvua imewaharibia. Nikamwambia, "Mama, mwezi ujao ukirudi kwa daktari nitakufuata hapahapa."

Akanishika mkono. "Usihangaike, mwanangu. Nitafikia kwa wifi yako, Ipuli."

Miaka yote anafikia kwangu. Kwa binti yake anakwenda kusalimia tu, kwa kuwa huko wamebanana, watoto wanalala sebuleni. Nikasema, "Sawa, mama." Akapanda.

Nimerudi nimetandua kitanda chake. Baba Nasra anaingia kesho. Atauliza kwa nini mama yake anahama.