Hapana Usiilalie

Gatwekera, Kibera

Mama yangu mpendwa,

Umeamkaje huko, na magoti yako yanasemaje na baridi hii? Wanangu, Neema na mdogo wake, wanakula? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Hilo nalitanguliza kwa sababu najua hujalala vizuri tangu simu ikatike nikilia. Nimeona niandike, Shangazi akusomee polepole.

Watu wa afya walileta lori la eksirei kwenye uwanja wa kanisa letu, wanapima TB bure. Nilienda kwa kuwa wengine walienda. Sikuwa nakohoa hata kidogo. Picha ilipotoka nikaambiwa pafu langu lina doa, niende hospitali makohozi yapimwe kwa mashine nyingine. Kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama Achieng, mwenye kibanda ninapopika chapati, aliniita kando akaniomba nikae nyumbani mpaka jibu litoke, maana wateja walishaanza kuuliza nani anakanda unga. Hakunitukana. Lakini jirani yangu alianua nguo zake zote kwenye kamba tunayoanikia pamoja, nami nimesimama mlangoni naangalia.

Siku ya kutoa makohozi nilimuuliza nesi kama ninakufa. Ni mama mtu mzima. Alivuta kiti akakaa. Akaniambia eksirei kazi yake ni kutomwacha mgonjwa yeyote apite, kwa hiyo inamnyooshea kidole kila mwenye alama, hata ya kovu la zamani. Ikisema huna, mara nyingi ni kweli. Ikisema unayo, lazima kwanza wathibitishe. Nikamuuliza, na ile darubini wanayopimia makohozi kwenye zahanati? Akasema hiyo ni kinyume. Ikiviona vidudu, ni nadra ikosee, lakini vikiwa vichache haivioni.

"Ndiyo yake iamini," akasema. "Hapana yake usiilalie, kama mtu bado anakohoa."

Mama, hapo niliacha kujifikiria mimi. Nilimfikiria ndugu yangu Wanjala. Si alipimwa kwa darubini huko Kawangware, akaambiwa hana kitu, akaja huko nyumbani Pasaka na kikohozi chake, tukafurahi, ukamchinjia kuku? Na alilala chumba kimoja na wanangu.

Nilitoka hospitalini moja kwa moja mpaka kwake, upande wa Riruta. Nilimkuta ametoka kibarua cha mjengo, suruali ameikaza kwa kamba. Alipokohoa aligeukia ukuta. Nilimwambia twende apimwe tena, akakataa. Akasema asipoonekana asubuhi fundi anamchukua mtu mwingine, na tena mwenye doa ni mimi, si yeye.

"Sista, walinipima wakasema sina. Kwani unataka niwe nayo?"

"Nataka watoto wangu wasiwe nayo."

Alikaza tena ile kamba kiunoni. Kisha akaniuliza, sauti iko chini, kama kutokwa na jasho usiku pia kunahesabiwa. Asubuhi tukaenda pamoja.

Makohozi yangu hayakuwa na kitu. Doa ni kovu la ile nimonia ya utotoni, uliponibeba mgongoni mpaka misheni. Nimerudi kwenye chapati, na jirani ameanza kunisalimia. Majibu ya Wanjala yalisema anayo. Ameanza dawa, atakunywa miezi sita. Alilia mbele yangu, kitu ambacho sijakiona tangu tumzike Baba. Tafadhali usimlaumu. Hakuficha; aliambiwa hana, akaamini, na sisi tukaamini.

Sasa, Mama, wapeleke watoto hospitali wiki hii. Waambie wazi kwamba walilala na mtu mwenye TB. Wakikutwa wazima, uliza habari ya dawa ya kuwakinga. Na mmoja akianza kukonda au kukohoa, mrudishe, hata kama karatasi inasema hapana. Mimi huku sifumbi macho mpaka nisikie.

Msalimie Kukhu, umwambie mjukuu wake Wanjala anakula sasa. Msalimie mchungaji aliyetuombea, na jirani mwenye simu, nitampigia Jumapili.

Shangazi, wewe unayesoma, usiuruke mstari huu. Mama, na wewe ukapimwe. Kikohozi chako unasema ni moshi wa kuni, lakini Shangazi ameniambia unapikia gesi tangu Krismasi.

Binti yako akupendaye,
Nekesa